Mafuta ya tumbo kujenga upya uso: maswali na majibu kuhusu seli shina

Mafuta ya mwilini yanahusianaje na uso ulioharibika?

Chini ya ngozi ya uso kuna tabaka la mafuta linaloyapa mashavu na paji umbo lake. Tabaka hilo likitoweka kwa ajali, moto, mionzi ya kutibu saratani au maradhi, ngozi hubonyea na kushikamana na mfupa. Chukua ugonjwa wa Parry-Romberg: mara nyingi huanza utotoni au ujanani, na kwa miaka kadhaa huufanya upande mmoja wa uso unywee taratibu, mpaka mgonjwa akijitazama kiooni anaona shavu moja la umri wake na jingine la mzee. Kwa kawaida daktari husubiri ugonjwa utulie ndipo ajaze palipobonyea. Wazo lenyewe ni la zamani, kwani mwaka 1893 Gustav Neuber, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, alitoa vipande vidogo vya mafuta mkononi mwa mgonjwa na kuvipachika chini ya kovu la usoni.

Seli shina zinaingia wapi?

Mwaka 2001 mtafiti Patricia Zuk na wenzake walionesha kwamba mafuta yanayofyonzwa mwilini, ambayo mahospitalini yalikuwa yakimwagwa kama taka, yana seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za mafuta, mfupa au gegedu. Kuzipata humo ni rahisi kuliko kutoboa mfupa na kuzitafuta kwenye uboho.

Mafuta yanapohamishwa hufika mahali papya bila mshipa wowote wa damu, na siku za mwanzo huishi kwa kunyonya majimaji ya jirani. Seli za mafuta zilizo mbali na ukingo hufa kwa kukosa oksijeni. Seli shina ni sugu zaidi: nyingi huvumilia hali hiyo, hutoa kemikali zinazochochea mishipa mipya kuota, na baadhi yake hujaza nafasi za zilizokufa.

Upasuaji hufanywaje?

Mgonjwa hupewa ganzi au nusu kaputi. Daktari hupitisha mrija butu kwenye tundu dogo la tumboni au pajani, akavuta mafuta polepole kwa bomba la sindano, kisha huyazungusha kwenye mashine. Yanapotoka, bomba lina matabaka matatu: mafuta yaliyopasuka na kuyeyuka yanaelea juu, damu na maji vimetuama chini, na katikati kuna ute mzito wa manjano kama samli iliyoganda. Huo ndio unaotumika. Huingizwa usoni tone kwa tone, kila mpito ukiacha takriban sehemu ya kumi ya mililita au chini ya hapo, kwa sababu donge kubwa halifikiwi na damu katikati na huweza kugeuka kifuko cha mafuta.

Je, kuongeza seli shina zaidi kunasaidia?

Hapa tahadhari inahitajika. Katika utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2013, seli zilikuzwa maabara na kuchanganywa na mafuta. Baada ya takriban miezi minne yalibaki asilimia 80.9 ya mafuta hayo, dhidi ya 16.3 kwa mafuta matupu. Ni matokeo ya kuvutia, lakini walioshiriki walikuwa watu 10 wenye afya njema, na mafuta yaliwekwa kwenye mkono, si kwenye uso wenye makovu. Kwa hiyo kuhamisha mafuta ni tiba iliyozoeleka, ilhali kuyaongezea seli bado ni jambo la utafiti, na anayekuuzia la pili kana kwamba ni la kwanza hakutendei haki.

Kuna hatari gani?

Uvimbe na michubuko ya wiki mbili hivi ni kawaida. Sehemu ya mafuta hufyonzwa na mwili, ndiyo maana wengi hurudi kwa awamu ya pili au ya tatu. Hatari adimu lakini nzito ni mafuta kuingia kwenye ateri, hasa karibu na pua na katikati ya nyusi, yakaleta upofu au kiharusi. Mrija hufanywa butu ili kupunguza uwezekano huo.

Mafuta yaliyoshika hudumu?

Yaliyosalia baada ya miezi kadhaa kwa kawaida hudumu, ila hayasahau yalikotoka. Mgonjwa akinenepa sana, shavu lililojazwa kwa mafuta ya tumbo laweza kunenepa kuliko jirani yake, na ulinganifu uliotafutwa ukapotea upya. Kwa sababu hiyo daktari hupendelea kumfanyia upasuaji mtu ambaye uzito wake umetulia.