Tumbo si sufuria ya kusuguliwa

Jumapili sokoni Kibuye, hapa Kisumu, hukosi kumkuta muuzaji mwenye kipaza sauti na chupa za maji ya kijani. "Osha tumbo! Toa sumu!" Watu wananunua. Kabla ya dawa huwa ameshawauzia dhana: kwamba tumbo ni chafu na bakteria waliomo ni takataka.

Ukweli ni kwamba mtu mzima hubeba bakteria trilioni 38 hivi, karibu wote wakiwa kwenye utumbo mpana. Kwenye mizani hawafiki hata robo kilo. Zile kilo mbili zinazosambazwa WhatsApp zimetiwa chumvi. Sukuma, mrenda na ugali wa wimbi vina nyuzinyuzi tusizoweza kumeng'enya wenyewe. Bakteria huzichachusha, na asidi zinazotokana na kazi hiyo hulisha seli za ukuta wa utumbo mpana. Tena bakteria hao hukalia nafasi ambayo vijidudu vya maradhi vingeitamani. Dawa ya kuendesha tumbo inakutoa maji na chumvi za mwili, basi. Sumu ni kazi ya ini na figo, nazo hazijatafuta kibarua wa kuzisaidia.

Na usipoenda haja kila siku? Hakuna kinachooza. Mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki ni kawaida. Kimbilia hospitali ukiona damu kwenye choo au ukikonda bila sababu.

Dhana iliyotutesa zaidi nyumbani ni ya vidonda vya tumbo. Shangazi yangu aliambiwa miaka nenda miaka rudi kwamba vyake vimeletwa na pilipili, njaa na mawazo mengi. Akaacha maharagwe, akaacha chai, akakatazwa hata kukasirika (jaribu hilo ukiwa na wajukuu sita). Maumivu yakabaki palepale.

Kumbe tangu 1982 huko Perth, Australia, madaktari Barry Marshall na Robin Warren walikuwa wameshamkuza maabarani bakteria wa tumboni aitwaye Helicobacter pylori. Wenzao wengi hawakusadiki kwamba ndiye anayeleta vidonda. Mwaka 1984 Marshall akanywa mwenyewe mchuzi wa bakteria hao, na siku chache baadaye akaanza kutapika. Ukuta wa tumbo lake ulikuwa umevimba. Tuzo ya Nobel waliipata 2005.

Wengi humbeba bakteria huyo bila kupata kidonda. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, tunazotafuna kama njugu. Pilipili inaweza kuwasha kidonda kilichopo, lakini haikichimbi. Kipimo ni cha kinyesi au pumzi. Tiba ni antibiotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14, bila kukatisha ukipata nafuu. Shangazi alimaliza zake, na bakuli la pilipili limerudi mezani.

Uji uliochachushwa nao husifiwa kwa bakteria wake, ilhali ukishachemka wamekufa. Faida yake iko kwingine: uchachu hupunguza fitati (kemikali ya nafaka inayoshikilia madini) kwenye unga wa wimbi na mtama, hivyo mwili hufyonza madini ya chuma vizuri zaidi. Anayetaka bakteria walio hai anywe maziwa lala, au mursik (maziwa yaliyochachushwa kwenye kibuyu) ya majirani zetu wa Nandi, mradi maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa. Brusela, ugonjwa wa maziwa mabichi, si mchezo.