Yohana Mbatizaji Hakuwauzia Watu Maji ya Yordani

Majilio, yaani majuma ya kujiandaa kwa Krismasi, yanakaribia, na kama ilivyo kila mwaka, ofisi yetu ya elimu ya Kikristo inapokea maswali mengi kuhusu Yohana Mbatizaji. Safari hii maswali yamekuja pamoja na malalamiko. Waumini wanaombwa sadaka ya "kutengenezewa njia" na watumishi wanaosema wametumwa kwa roho ya Eliya. Mama mmoja alituletea chupa ya plastiki ya nusu lita yenye karatasi ya bluu iliyobandikwa kwa gundi: "Maji ya Yordani. Itengenezeni Njia. Isaya 40:3." Alikuwa ameinunua kwa shilingi 20,000 ili mwanawe apate kazi. Chini ya kifuniko bado ulionekana mhuri wa kiwanda cha maji ya kunywa.

Hatuandiki haya kumshambulia mtumishi yeyote. Wengi wanaohudhuria mikutano hiyo wana imani ya kweli na shida ya kweli. Lakini andiko lililobandikwa kwenye chupa ile lina maana yake, na maana hiyo haifanani hata kidogo na matumizi yale.

Tuanze na Isaya mwenyewe. Maneno ya sura ya 40 yalielekezwa kwa watu waliokuwa uhamishoni Babeli, Yerusalemu ikiwa magofu. "Itengenezeni nyikani njia ya BWANA, nyosheni jangwani njia kuu kwa Mungu wetu." Mwaka 538 kabla ya Kristo, mfalme Koreshi wa Uajemi alipowaruhusu Wayahudi kurudi kwao, watu waliona tumaini hilo likianza kutimia. Soma mstari huo taratibu, kwa sauti ukiweza. Ni njia ya Bwana. Bwana ndiye anayekuja kwa watu wake, na wao wanaambiwa wasawazishe mabonde na vilima ili kisimzuie kitu. Haisemwi popote kwamba nabii atakutengenezea wewe njia ya ajira, ya ndoa au ya viza. Kuomba kazi si kosa, na tunaomba kila Jumapili pamoja na wanaotafuta kazi, ila andiko la kuombea ni jingine. Tumelieleza hili kwenye semina za wazee wa kanisa mara nyingi, na bado linarudi vilevile.

Kila mtu wa huku ameshaona greda likipita kijijini siku chache kabla ya ziara ya kiongozi mkubwa. Mashimo yanafukiwa, magugu ya kando yanafyekwa. Mwenye greda ana kazi muhimu sana, lakini siku ya ziara hakai jukwaani, wala wanakijiji hawampi zawadi ili awaonyeshe kiongozi. Yohana alijiweka mahali hapo kwa hiari yake, na Injili zote nne zinashuhudia hivyo.

Marko anafungua Injili yake kwa kuunganisha maneno mawili. La kwanza linatoka kwa Malaki, juu ya mjumbe anayetumwa kutengeneza njia, na la pili ni la Isaya, juu ya sauti ya aliaye nyikani. Malaki ndiye pia aliyeahidi kwamba Eliya atatumwa kabla ya siku ya Bwana, na hapo ndipo wanaojiita "Eliya wa kizazi hiki" wanaposhika. Basi wasome na Luka 1:17. Malaika anamwambia Zakaria kwamba mtoto wake atatangulia "katika roho ya Eliya, na nguvu zake," na papo hapo anataja kazi itakayofanyika: kuigeuza mioyo ya akina baba iwaelekee watoto, na "kumwekea Bwana tayari watu waliotengenezwa." Kinachotengenezwa ni watu. Baba aliyetelekeza watoto wake akirudi nyumbani kuwalea, roho ya Eliya imefanya kazi yake.

Na Yohana mwenyewe alijiitaje? Makuhani na Walawi walitumwa kutoka Yerusalemu kumhoji, na mahojiano yako katika Yohana sura ya 1. Wewe ni Kristo? "Mimi siye Kristo." Eliya, basi? Siye. Nabii yule? La. Majibu yanazidi kuwa mafupi. Walipombana, alisema tu kwamba yeye ni sauti. Baadaye Yesu ndiye aliyemwita Eliya atakayekuja, Mathayo 11:14, wakati Yohana yuko gerezani. Cheo alipewa na mwingine, mahali ambapo hakikuweza kumfaidia chochote. Bango lenye picha ya mtumishi na vyeo vitatu mbele ya jina lake halina mfano katika habari za Yohana.

Si Yohana peke yake aliyelisoma andiko hilo la Isaya nyikani. Karibu na Bahari ya Chumvi, huko Qumran, palikuwa na jumuiya ya Wayahudi ambao maandishi yao yalianza kugunduliwa mapangoni mwaka 1947. Katika kanuni ya jumuiya yao wanalinukuu andiko hilohilo, wakisema kutengeneza njia ni kujitenga na watu waovu, kwenda jangwani na kuichunguza Sheria ya Musa. Yohana alikuwa mwendo wa saa chache tu kutoka kwao, lakini aliishi andiko lilelile kwa namna nyingine. Alisimama penye mto, na yeyote aliyekuja alimpokea, wakiwemo watoza ushuru na askari, ambao jumuiya ile isingewakaribisha mezani.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote, nami nawasihi wasomaji mpafungue wenyewe: Luka 3:10 hadi 14. Watu wanauliza, "Tufanye nini basi?" Swali hilohilo ndilo linaloletwa leo kwenye mikutano ya maombezi. Yohana hataji mafuta, kitambaa wala mbegu ya kupanda. Makutano anawaambia, "Mwenye kanzu mbili na ampe asiye na kanzu, na mwenye vyakula na afanye vivyo hivyo." Watoza ushuru wanaambiwa wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Kazi yao ilikuwa hivi: mtu alipewa haki ya kukusanya ushuru wa eneo fulani, akatakiwa kufikisha kiasi kilichopangwa, na alichokamua juu ya hicho kikabaki mfukoni mwake. Yohana hakuwaambia waache kazi. Aliigusa ile nyongeza. Askari nao: "Msidhulumu mtu, wala msishitaki kwa uongo, tena mtoshewe na mishahara yenu."

Angalieni fedha inavyokwenda katika majibu hayo. Kanzu inakwenda kwa asiye na kanzu, chakula kwa mwenye njaa, na ushuru uliozidi unabaki kwa mwenye mali. Hakuna senti inayokuja kwa Yohana, mtu aliyevaa singa za ngamia na kula nzige na asali ya mwitu. Karani wa mizani, askari wa barabarani, mwenye duka anayepunguza kipimo cha unga, wote wangepata jibu lao pale mtoni kwa dakika moja, bila kukata tiketi ya kuonana na nabii.

Yohana pia hakufanya muujiza hata mmoja. Waumini wengi hushtuka tukisema hivi, na wengine hukasirika, lakini imeandikwa katika Yohana 10:41, na waliosema ni watu waliomfahamu: "Yohana kweli hakufanya ishara yoyote, lakini yote aliyoyasema Yohana katika habari zake huyu yalikuwa kweli." Na Yohana huyo ndiye ambaye Yesu alisema kwamba katika wazawa wa wanawake hajatokea mkuu kuliko yeye. Hakuponya, hakutaja namba ya simu ya mtu asiyemjua, hakuangusha watu. Alisema kweli juu ya Kristo. Kuwapima manabii kwa maajabu kwanza ni kutumia kipimo ambacho Yohana angeshindwa.

Kweli hiyo ilimgharimu. Herode Antipa, mtawala wa Galilaya, alimchukua Herodia, mke wa ndugu yake, na Yohana akamwambia, "Si halali kwako kuwa na mke wa nduguyo." Mwanahistoria Myahudi Yosefo, aliyeandika katika karne hiyohiyo ya kwanza, anasema Yohana alifungwa na kuuawa katika ngome ya Machaerus, mashariki ya Bahari ya Chumvi, Herode akihofu kwamba umaarufu wake ungezusha uasi. Anaongeza kwamba Herode alipopigwa vitani na mfalme Areta, baadhi ya Wayahudi waliona ni adhabu ya Mungu kwa damu hiyo. Yosefo hakuwa Mkristo, na ushahidi wake una uzito kwa sababu hiyo. Jirani zetu Waislamu nao wanamheshimu kwa jina la Nabii Yahya, kwa hiyo tunapomfanya kuwa chapa ya biashara tunaaibika mbele ya wengi.

Sasa, utaratibu wa kumpima anayejiita nabii. Torati ina vipimo viwili, na mara nyingi watu wanakumbuka kimoja. Kumbukumbu la Torati 18:22 inasema neno lisipotimia, Bwana hakulinena. Lakini sura ya 13, mstari wa 1 hadi 3, inakwenda mbali zaidi: hata ishara ikitimia, kama mtu huyo anawavuta watu kwa miungu mingine, msimsikilize. Adhabu katika Torati ilikuwa kifo. Kanisa halina adhabu hiyo, na mtu asinukuu mistari hiyo kuhalalisha vurugu. Kanisa la mwanzo nalo lilisumbuliwa na tatizo hili, likaandika maelekezo katika kitabu kidogo kiitwacho Didache, yaani mafundisho ya mitume kumi na wawili. Mtume anayepita apokewe siku moja, au mbili pakiwa na haja. Akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha anakolala. Akidai fedha ni nabii wa uongo. Na anayesema katika roho "nipeni fedha" asisikilizwe, isipokuwa anawaombea wengine wenye uhitaji.

Kwetu sisi utaratibu ni huu. Mhubiri mgeni lazima awe na barua ya utambulisho kutoka usharika wake, yenye mhuri na saini ya mchungaji, na nakala yake ifike ofisini siku 14 kabla ya mkutano. Barua iliyotumwa kama picha kwa simu haipokelewi bila nakala halisi. Baraza la wazee linajadili na kuandika muhtasari. Sadaka yote inahesabiwa na watu wasiopungua wawili, inaandikiwa stakabadhi na kuingizwa benki. Sadaka inayotumwa kwenye namba binafsi ya mhubiri haihesabiki kuwa sadaka ya usharika. Mzee wa kanisa anayemkaribisha mhubiri nje ya utaratibu huonywa kwa mdomo, kisha kwa maandishi, kisha husimamishwa uzee. Anayeuza maji, mafuta au vitambaa katika viwanja vya kanisa huwekwa chini ya marudi, yaani adhabu ya kanisa, hadi atubu mbele ya baraza na kurudisha fedha za watu. Huduma zisizo chini yetu hatuwezi kuziamulia. Zina usajili wake kwa Msajili wa Jumuiya, na aliyetapeliwa fedha anatakiwa kwenda polisi akiwa na ujumbe wa muamala. Usiufute. Wengi wanakuja kwetu wakiwa wameshaufuta kwa aibu.

Na aliyeambiwa aache dawa za shinikizo la damu, za kifua kikuu au za VVU kwa sababu amekunywa maji hayo, arudi kliniki leo. Hilo halisubiri kikao cha baraza.

Bado kuna swali la ubatizo, hasa kwa ndugu wanaokwenda kuhiji. Mahali panapoitwa Al-Maghtas, upande wa nchi ya Jordan, UNESCO ilipaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2015, na wengi wanatamani kuzama pale. Kwenda ni jambo jema. Lakini kubatizwa tena kwa kuwa maji ya kwanza yalikuwa ya bomba la Mwanza au mto wa Kitui ni kutoelewa. Kwa Naamani, yule jemadari wa Shamu aliyeambiwa na Elisha ajioshe Yordani apone ukoma, Yordani ulikuwa mto wa kawaida kuliko mito ya Dameski, na hakuwa amekosea kuhusu maji yenyewe.

Someni Matendo 19. Miaka zaidi ya ishirini baada ya Yohana kuuawa, Paulo alifika Efeso akakuta wanafunzi wapatao kumi na wawili ambao walikuwa na ubatizo wa Yohana tu. Kama ubatizo huo ungekuwa na nguvu ya kujitosheleza, Paulo angewapongeza. Badala yake aliwakumbusha kwamba Yohana aliwaambia watu wamwamini yule atakayekuja nyuma yake, yaani Yesu, nao wakabatizwa kwa jina la Bwana Yesu. Njia iliyotengenezwa ilikuwa imeshampitisha mwenyewe.

Katika makanisa mengi, masomo ya Jumapili ya pili na ya tatu ya Majilio yanamhusu Yohana. Wahubiri wetu wameelekezwa kusoma Luka 3 hadi mstari wa 18 bila kuishia wa 6, maana anayeishia wa 6 anasikia mabonde na milima na kuyakosa yale ya kanzu, ushuru na mshahara. Muumini mwenye chupa, kitambaa au stakabadhi anaweza kuileta ofisini siku za kazi. Hatatakiwa kumtaja mtu mbele ya usharika, na hataulizwa kwa nini alinunua.