Kibali cha mfalme hakikuwa cheti cha ndoa: ufafanuzi kuhusu Jacquetta wa Luxembourg na ukoo wake

Dawati letu la nasaba limekuwa likipokea maswali mengi, hasa kila tamthilia kuhusu Vita vya Mawaridi, yaani mapigano ya karne ya 15 ya kugombea kiti cha ufalme wa Uingereza, inaporudiwa kwenye televisheni. Sehemu kubwa ya maswali hayo hurudia dai moja: kwamba Jacquetta wa Luxembourg aliolewa na Richard Woodville bila kibali cha mfalme wa Uingereza, na kwa hiyo watoto wao, akiwemo Elizabeth, aliyekuja kuwa malkia kwa kuolewa na Mfalme Edward wa Nne, walikuwa wa nje ya ndoa. Kibali kweli hakikuombwa, lakini hitimisho kuhusu watoto si sahihi, na wanaoandaa silsila ya familia hiyo wanaombwa kusoma ufafanuzi huu kabla ya kuleta maombi ya marekebisho.

Mwaka 1433, akiwa na umri wa miaka kama 17, Jacquetta aliozwa kwa John, Duke wa Bedford, aliyekuwa akitawala maeneo ya Ufaransa yaliyoshikwa na Waingereza kwa niaba ya mtoto wa kaka yake, Mfalme Henry wa Sita. Ndoa ilifungwa Thérouanne, ambako Louis, baba mdogo wa bibi harusi, alikuwa askofu na wakati huohuo kansela wa utawala huo. Bedford alikuwa amefiwa na mkewe, Anne wa Burgundy, miezi mitano tu kabla, na kaka wa marehemu, Duke Philip wa Burgundy, alichukizwa sana kwa kuwa ukoo wa Luxembourg ulikuwa chini yake naye hakushirikishwa. Bedford alifariki Rouen mwezi Septemba 1435, bila kupata mtoto na Jacquetta.

Hapa ndipo utaratibu unapoanza, na ndipo wengi wanapopotea. Mtu aliyeshika ardhi moja kwa moja kutoka kwa mfalme alipofariki, ofisa wa mfalme katika eneo husika aliizuia ardhi hiyo, kisha akawaapisha wenyeji waeleze marehemu alishika nini, kwa masharti gani, na mrithi wake ni nani. Mjane alistahili theluthi ya ardhi ya mumewe kwa muda wote wa maisha yake, lakini kabla ya kukabidhiwa alitakiwa kuahidi kwamba hataolewa tena bila ridhaa ya mfalme. Sharti hilo halikubuniwa kwa ajili ya Jacquetta, kwani limo katika Magna Carta, hati ya haki iliyomfunga mfalme wa Uingereza, ya mwaka 1215, kifungu cha 8, ambacho pia kinakataza mjane kulazimishwa kuolewa. Aliyekiuka alinyang'anywa ardhi mpaka alipe faini na kupewa hati ya msamaha. Sababu ni ya kimali: mume mpya ndiye angesimamia theluthi ile, na mfalme alitaka kujua ni nani.

Jacquetta alipewa fungu lake mwaka 1436 kwa sharti hilohilo. Muda si mrefu akaolewa kwa siri na Woodville, kijana wa Northamptonshire ambaye baba yake alikuwa msimamizi wa nyumba ya Bedford. Walitozwa pauni 1,000, wakasamehewa mwaka 1437, na suala likafungwa. Uhalali wa ndoa yenyewe haukuwa mikononi mwa ofisi ya mfalme hata kidogo. Uliamuliwa na sheria ya Kanisa, ambayo kabla ya mwaka 1563 ilitambua ndoa kwa ridhaa ya wawili wasio na kizuizi, hata kama walikosea kwa kuifunga kwa siri. Faini ni faini; haimgeuzi mtoto kuwa haramu, na inachosha kulieleza hilo kila wiki.

Kuhusu wanaoandika kwamba Jacquetta alitoka familia duni, itoshe kusema kwamba baba yake, Pierre, alikuwa bwana wa Saint-Pol, na mama yake alikuwa binti wa Duke wa Andria, kusini mwa Italia. Unyonge wa nasaba ulikuwa upande wa mume.

Elizabeth alipoolewa na Edward wa Nne mwaka 1464, wadogo zake wa kike waliozwa haraka kwa warithi wa Arundel, Essex, Kent na Pembroke, na kwa Duke wa Buckingham aliyekuwa bado mtoto. Iliyozua kelele zaidi ni ya mwaka 1465, pale John Woodville, mdogo wa kiume wa Elizabeth, kijana wa miaka kama 20, alipooa Katherine Neville, mjane wa Duke wa Norfolk aliyekuwa amepita miaka 60 na mwenye mafungu makubwa ya ujane. Mwandishi mmoja wa zama hizo aliiita ndoa ya kishetani. Katherine alikuwa shangazi wa Earl wa Warwick, bwana mkubwa aliyemwasi Edward, ambaye mwaka 1469 aliamuru John na baba yake wakatwe vichwa. Bibi huyo aliishi zaidi ya mumewe huyo kijana.

Mwaka huohuo Jacquetta alituhumiwa uchawi, na baraza la mfalme likamsafisha mapema mwaka 1470. Alifariki mwaka 1472. Bunge la Richard wa Tatu, mdogo wa Edward aliyetwaa ufalme baada yake, lilipotaka kubatilisha ndoa ya Elizabeth mwaka 1484, lilikusanya kila hoja: uchawi wa mama na binti, ndoa kutotangazwa kanisani, na ahadi ya awali ya ndoa ya Edward kwa mwanamke mwingine, Eleanor Butler. Ndoa ya Jacquetta na Woodville haikuguswa, na hati hiyo yenyewe inamtaja kwa cheo chake, Duchess wa Bedford.