Taimushea: mlango wa kutokea si ule unaotangazwa redioni

Kazi yangu ni ushauri wa madeni hapa Dallas, na wateja wangu wengi ni watu wa kwetu: wauguzi, madereva wa malori, walezi wa wazee, wachungaji wawili watatu. Deni la kadi wanalitaja bila haya. La gari pia. Lakini kuna deni moja ambalo mtu hulitoa mwishoni kabisa, keshasimama, mkono uko kwenye kitasa: "Halafu kuna kale kanyumba ka Orlando."

Kanyumba hako ni taimushea. Amenunua haki ya kutumia nyumba ya mapumziko wiki moja kila mwaka, au siku hizi zaidi amenunua fungu la pointi anazobadilisha kwa siku za kulala katika rizoti za kampuni ileile. Wengine wana hati kabisa, imesajiliwa kaunti, ina muhuri. Hati hiyo ndiyo inayowapoteza watu wetu. Mtu aliyekulia mahali ambapo hati ya shamba ni uhai wa ukoo, ukimwekea mbele karatasi yenye jina lake na neno "hati", anaona ameshika mali.

Mimi humwomba aisome tena, safari hii akitafuta anachodaiwa badala ya anachomiliki. Anadaiwa ada ya matunzo kila mwaka, aende likizo asiende. Kiasi chake kinapangwa na chama cha wamiliki, na katika rizoti nyingi chama hicho kinaongozwa kwa ushawishi mkubwa wa kampuni iliyomuuzia. Paa likiezuliwa na kimbunga, kuna mchango wa ziada juu ya ada. Na mikataba mingi ya Marekani haina mwisho. Tarehe ya mwisho inawezekana, kwa sababu ile ya Disney inayo: rizoti zao za mwanzo muda wake unakwisha Januari 2042, na baada ya hapo hakuna anayemdai mwenzake. Kampuni nyingi nyingine zimechagua "milele", na muuzaji analitamka neno hilo kwa furaha kama vile ni zawadi.

Tuhesabu kidogo. Takwimu za ARDA, chama cha wenye biashara hii, zimekuwa zikionyesha bei ya wastani ya kama dola 24,000 na ada ya mwaka ya wastani iliyozidi dola 1,000. Wateja wangu hawana 24,000 mfukoni, kwa hiyo hukopeshwa palepale mezani na kampuni yenyewe, kwa riba ambayo benki ingeona aibu kuitangaza. Chukua asilimia 15 kwa miaka 10, bila malipo ya awali: ni kama dola 387 kwa mwezi, na ukimaliza umelipa takriban dola 46,500. Halafu mkopo unakwisha, mtu anashangilia, na bili ya ada inakuja vilevile. Ada ya dola 1,100 ikipanda asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka 15 inakaribia 2,300. Mteja wangu muuguzi atakuwa amestaafu. Atakuwa analipia wiki ambayo magoti yake hayampeleki tena.

Watu huniuliza kwa nini wasiuze tu, hata kwa hasara. Ingia eBay uone: wiki za rizoti nzuri zinauzwa kwa dola 1, na nyingine hazipati mnunuzi hata kwa hiyo moja. Sehemu kubwa ya bei ya mwanzo ilikuwa gharama ya kukuuzia, yaani zile tiketi za bure za kukuvuta kwenye kikao cha mauzo, kifungua kinywa, kamisheni ya kijana aliyekutembeza na ya meneja aliyekuja mwishoni kuipunguza bei "kwa leo tu". Kesho yake gharama hiyo haipo tena ndani ya kitu ulichonunua. Na mnunuzi wa mkono wa pili hupiga hesabu ya ada, si ya bei. Kampuni nyingi pia huziondolea pointi za mkono wa pili marupurupu yake, ili duka lao lisishindane na lako. Ni ng'ombe asiyekamuliwa wala kuchinjwa, lakini majani lazima ale kila siku. Na usitegemee kupunguziwa kodi kwa hasara hiyo: taimushea uliyoitumia mwenyewe ni mali ya matumizi binafsi, na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, haitambui hasara ya kuiuza.

Sitawacheka waliosaini. Umeambiwa kikao cha mauzo ni dakika 90, unakaa saa nne au tano. Umeketi na mumeo, maana wanataka wanandoa wote wawili wawepo, watoto wako chumba cha michezo, na mtu amekulisha, amekuuliza habari za wazazi wako, amekusifu. Sisi tumelelewa kutomkatalia kwa ukali mtu aliyekukaribisha mezani kwake. Wauzaji hawakututengenezea mtego sisi, lakini malezi yetu yanawafaa sana. Na kila ahadi ya mdomo, kwamba utakipangisha, kwamba thamani itapanda, kwamba kampuni itakinunua tena, imefutwa na kipengele kimoja kinachosema hukutegemea maneno yoyote yasiyoandikwa humu.

Sasa njia za kutoka, na naanza na iliyo bora na yenye maisha mafupi zaidi. Kila jimbo lenye biashara hii kwa wingi limempa mnunuzi siku chache za kuvunja mkataba bila sababu yoyote. Florida ni siku 10, Nevada 5, California na Hawaii 7. Mara nyingi zinahesabiwa tangu uliposaini au ulipopokea hati ya mwisho inayotakiwa na sheria, kutegemea ipi ilikuja baadaye, na Florida haki hiyo haiwezi kufutwa hata ukisaini kwamba umeiacha. Maelekezo yamo kwenye mkataba wenyewe, mara nyingi karibu na mahali pa sahihi. Andika barua fupi: jina, namba ya mkataba, tarehe, na sentensi moja kwamba unaufuta. Itume kwa rejista kwa anwani iliyotajwa humo, tunza risiti, basi. Usipige simu kuwaeleza. Ukipiga, utahamishiwa kwa mtu mwenye sauti tamu ambaye kazi yake ni kukufikisha siku ya kumi na moja.

Tatizo ni kwamba wengi huzimaliza siku hizo wakiwa bado likizo, au wako zamu mbili mfululizo baada ya kurudi, na bahasha ya mkataba iko ndani ya begi.

Siku zikishapita, mlango unaofuata ni kampuni yenyewe. Hili huwashangaza wateja kuliko yote. Kampuni kubwa nyingi zina mpango wa kupokea taimushea irudi kwao, hazipendi kuutangaza, na kwa kawaida hazitoi hata senti. Masharti hufanana: mkopo uwe umekwisha na ada zisiwe na malimbikizo. Unapiga, unaomba idara ya kurudisha umiliki, si idara ya mauzo, na unaandika jina la kila unayeongea naye. Ukialikwa kwenye "mkutano wa wamiliki" ili mlijadili jambo lako, usiende. Ule ni uuzaji mwingine. Nimeona watu walioingia humo wakitaka kutoka, wakatoka na pointi zaidi na mkopo mpya.

Mwenye mkopo bado, hesabu ni nyingine. Mara nyingi tunaangalia kama chama cha akiba na mikopo kinaweza kumpa mkopo wa riba ndogo aulipe ule wa rizoti, kisha ndipo aombe kurudisha. Kulipia kitu ili upate ruhusa ya kukigawa bure kunauma. Ila ukilinganisha na ada ya miaka thelathini, ni nafuu.

Nimeyaweka haya mbele makusudi, kwa sababu karibu kila anayefika kwangu ameshapita kwanza mlango wa tatu, ule unaotangazwa. Kampuni za "kukutoa kwenye taimushea" zinanunua matangazo ya redio, zinatuma barua za kutisha kwa wazee, zinaalika watu kwenye semina za hotelini. Zinadai maelfu ya dola kwanza, zinakuahidi kurudishiwa fedha zikishindwa, kisha zinakushauri uache kulipa ada na usiongee na rizoti tena. Kinachofuata ni kimya, na wewe ndiye unayeharibikiwa rekodi ya mikopo.

Siyo hisia zangu tu. Mwaka 2021 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Washington alimalizana na kampuni ya Reed Hein, iliyojulikana kama Timeshare Exit Team, nayo ikakubali kulipa dola milioni 2.61. Kampuni hiyo ilikuwa ikitangazwa katika kipindi cha Dave Ramsey, ambaye masomo yake ya fedha yanafundishwa katika makanisa mengi hapa, yakiwemo yetu. Ndiyo maana mteja hunijibu kwa mshangao, "Lakini nilisikia kwa Ramsey!" Novemba 2022, FTC, tume ya serikali kuu inayolinda wateja, na jimbo la Wisconsin wakalishtaki kundi la kampuni za Missouri wakidai limewakamua watu, wengi wao wazee, zaidi ya dola milioni 90. Soma tena kiasi hicho. Ni pesa za watu waliokuwa tayari wamejuta mara moja.

Mtindo mwingine ni wa kukuondolea hati: unalipa, nao wanaihamishia kwa kampuni tupu isiyo na akaunti wala nia ya kulipa ada. Rizoti ikigundua, inaweza kuukataa uhamisho huo na kurudi kukudai wewe.

Na kuna simu inayotoka kwa mtu anayesema ana mnunuzi tayari, mara nyingi wa Meksiko, na bei ni nzuri ajabu. Kinachotakiwa ni utangulize kodi tu, kisha ada ya benki, kisha faini. Hapa mchezo umeshavuka utapeli wa kawaida. Serikali ya Marekani imewawekea vikwazo watu na kampuni zinazohusishwa na genge la Jalisco, la wauza dawa za kulevya wa Meksiko, kwa ulaghai huu, na notisi ya Wizara ya Fedha ya Julai 2024 ilisema kati ya 2019 na 2023 waathirika kama 6,000 wa Marekani waliripoti kupoteza karibu dola milioni 300. Wanajua jina lako, rizoti yako na namba ya wiki yako. Kwa hiyo kujua habari zako si ushahidi kwamba mtu ni mkweli. Kipimo changu ni kimoja: anayetaka pesa kabla ya kazi kwisha, mkatie simu, hata awe anaongea Kiswahili cha Unguja.

Ndugu zetu walioko Uingereza na Ulaya wana sheria yenye meno zaidi. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2008 yanatoa siku 14 na yanakataza kupokea pesa yoyote ndani ya siku hizo. Hispania iliweka tangu 1998 ukomo wa miaka 50, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya huko ikabatilisha mkataba wa rizoti moja ya Gran Canaria kwa kutoufuata. Baada ya hukumu hiyo, kama mnavyokisia, zilizaliwa "ofisi za kudai fidia" zinazotaka malipo kwanza.

Je, ukiacha tu kulipa? Naulizwa kila wiki, na simjibu mtu kabla ya kuona karatasi zake zote. Unaweza kupelekwa kwa wakusanya madeni, alama zako za mkopo zikashuka, na mwishowe kampuni ikaitwaa taimushea kisheria. Florida ina utaratibu wa kuitwaa bila kesi ya kawaida, na usipoupinga, hawawezi kukudai pengo linalobaki. Lakini deni lililofutwa linaweza kuja kwenye fomu 1099-C kama kipato cha kutozwa kodi, isipokuwa madeni yako yalizidi mali yako wakati huo. Kwa mzee asiyekopa tena wala kutaka nyumba, hiyo inaweza kuwa njia ya kuvumilika. Kwa dada anayetaka kununua nyumba mwakani, ni balaa.

Swali la watoto linastahili nafasi yake, maana ndilo linalowanyima wazazi usingizi: "Nikifa, atalipa nani?" Hakuna mtoto anayelazimishwa kurithi taimushea. Anaweza kuikataa kwa maandishi, na kwa upande wa kodi ya serikali kuu ana miezi 9 tangu kifo kufanya hivyo. Sharti asiwe ameigusa: asilale humo hata usiku mmoja, asitumie pointi, asilipe ada "ya mwaka huu tu" kwa kumheshimu marehemu. Na kama jina lake liliwekwa kwenye hati siku ile mezani, kwa sababu muuzaji alisema ni urithi mzuri, hapo si mrithi tena bali ni mmiliki, na kukataa hakumsaidii. Kwa hiyo kabla ya kunipigia, itoe ile bahasha na usome mstari mmoja kwanza: majina ya wenye hati.