Kinga ya ng'ombe dhidi ya neospora, na kwa nini chanjo yake ni ngumu

Ng'ombe akitupa mimba ya miezi mitano au sita kule Njoro au Molo, wengi hutaja ugonjwa wa brusela kwanza. Ni haki, maana brusela humwambukiza hata binadamu, na ndama aliyetupwa hashikwi kwa mikono mitupu. Lakini kipimo cha brusela kikikosa kitu, muulize daktari wa mifugo kuhusu neospora.

Hiki ni kimelea cha seli moja. Mbwa akila kondo la nyuma lenye kimelea, baadaye hukitoa katika kinyesi, na ng'ombe hukimeza pamoja na nyasi au maji. Njia iliyo kubwa zaidi ni ya tumboni: mama humwambukiza ndama kabla hajazaliwa. Mtamba huyo huzaliwa mzima, hukua, hupandishwa, naye humwambukiza ndama wake.

Mwili wa ng'ombe hupigana vizuri tu. Kimelea hubanwa hadi kikajificha ndani ya vifuko kwenye ubongo na misuli, na ng'ombe mwenyewe hakondi wala hana homa. Taabu huja na mimba. Ili usimkatae ndama, mwili hupunguza ukali wa kinga, na kimelea huamka kikaelekea kwenye kondo. Kinga ikikivamia hapo kwa nguvu, uvimbe unaotokea unaweza kumuua ndama yuleyule. Kwa hiyo kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza dhidi ya kimelea, zikionekana katika damu, usifurahi: zinasema ng'ombe anacho kimelea, hazisemi kwamba mimba yake iko salama. Wengi waliotupa mara moja huzaa baadaye, ila wapo wanaorudia.

Marekani iliwahi kuuza chanjo ya vimelea vilivyouawa. Ilipunguza kutupa mimba kwa kiasi tu, ikaondolewa sokoni. Isitoshe, kwenye kipimo damu ya aliyechanjwa ilifanana na ya aliyeambukizwa. Kimelea hai kilichodhoofishwa kimelinda vizuri zaidi katika majaribio, lakini nani anataka kuingiza kwenye boma kitu hai kinachoweza kubaki mwilini maisha yote? Chanjo ya brusela, nayo, haisaidii chochote hapa.

Kwa sasa kazi iko kwa mbwa na kwa ukoo wa ng'ombe. Kondo la nyuma tumezoea kumtupia mbwa. Lifukie chini sana. Funika chakula na maji. Na mtamba wa mama aliyeambukizwa apimwe kabla hujamweka awe wa kuzaa, hata kama mamaye ndiye anayejaza ndoo.