Nyali ilianzia Kengeleni

Historia ya Nyali, mtaa wa Mombasa ng'ambo ya kisiwa, ikisimuliwa kuanzia kwenye hoteli za ufuoni, nusu yake imeshapotea. Anza Kengeleni, njia panda ya barabara ya Malindi, ilipo kengele ya Freretown, kijiji cha watumwa waliokombolewa.

Maandishi hugongana kuhusu mwaka wa kuanzishwa: wengine 1874, wengine 1875. Wote wana haki. Mchungaji William Salter Price wa CMS, shirika la wamisionari Waanglikana, alifika Mombasa mwishoni mwa 1874, na ardhi ya ng'ambo ikanunuliwa mwaka uliofuata. Mkataba wa 1873 ulikuwa umemlazimisha Sultani Barghash wa Zanzibar kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini. Manowari za Waingereza zikikamata majahazi, waliookolewa hawakuwa na pa kwenda. Wengi walikuwa Wayao, Wamakua na Wanyasa. Kuwarudisha kwao kulimaanisha kupita njia zile zile walizotekwa. Kijiji kikapewa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyeshughulikia mkataba huo.

Walioubeba mzigo wa kazi, ingawa simulizi nyingi huwaruka, ni wale walioitwa Waafrika wa Bombay: watu waliokombolewa wakiwa wadogo, wakasomeshwa Nasik huko India, kisha wakaletwa pwani wakiwa walimu na mafundi. William Jones na Ishmael Semler ni miongoni mwao; Askofu Hannington aliwapa daraja la ushemasi mwaka 1885. Kengele nayo haikuwa ya ibada tu. Inasimuliwa kwamba ilipigwa pia kuwaonya watu kila wavamizi wa watumwa walipoonekana.

Baadaye mashamba ya mkonge yakatanda Nyali. Kilichogeuza shamba kuwa mtaa wa makazi ni daraja la mwaka 1931 la kuvukia kisiwani Mombasa, lililoelea juu ya maboya, na wavukaji walilipia. Hapa Mombasa maji ya bamvu, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Daraja la namna hiyo hupanda na kushuka nayo, lakini kingo za nchi kavu hazisogei, kwa hiyo pande zote mbili huhitaji vipande vya njia vya chuma vyenye bawaba. Maji yakikupwa sana, vipande hivyo huinama kwa mteremko mkali, na hapo lori lenye shehena ndipo linapotaabika. Daraja la zege la 1980 liliondoa tatizo hilo, na majumba yakaongezeka.

Ardhi ndiyo iliyobaki na fundo. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai ukanda wa pwani wayaandikishe; ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali. Wakulima wengi wasio na karatasi wakajikuta maskwota penye minazi yao. Kisauni, jirani na Nyali, ukazoeleka mtindo wa nyumba bila ardhi: mwenye kuta analipa kodi ya kiwanja kwa mwenye shamba.

Ukifuatilia kiwanja, tazama namba. MN ni Mombasa bara ya kaskazini, na I inayofuata ni sehemu ya kwanza, hivyo MN/I humaanisha upande wa Nyali. Omba upekuzi wa rejista pamoja na ramani ya hati, ulinganishe mipaka na vigingi vilivyopo. Barua ya mzee wa mtaa huthibitisha nani anakaa pale. Haithibitishi udongo ni wa nani.