Unakojoa damu? Usisubiri roboti wa dawa

Siku hizi watu wanakuja kliniki na video kwenye simu: vijiroboto visivyoonekana kwa macho vinaogelea mwilini hadi kwenye saratani na kumwaga dawa hapo hapo. Haya ndiyo wanayoniuliza.

Ni vitu gani hasa?
Ni chembe ndogo kuliko seli nyekundu ya damu, zinazojisukuma zenyewe ndani ya majimaji huku zimebeba dawa.

Nani anaziongoza?
Hapo ndipo penye kazi. Chembe ndogo hivyo hugongwagongwa na molekuli za maji mpaka ikapoteza mwelekeo. Njia mojawapo ya kuiongoza ni sumaku iliyo nje ya mwili. Mwaka 2016 watafiti wa Montréal, Kanada, walichukua bakteria wenye punje za sumaku ndani yao, wakawabebesha dawa, wakawaelekeza kwenye uvimbe wa saratani. Mwishoni bakteria walijitafutia wenyewe sehemu yenye oksijeni kidogo, na ndani ya uvimbe ndivyo ilivyo. Walifanya hivyo kwa panya.

Na ile video ya saratani ya kibofu cha mkojo?
Ni utafiti wa Barcelona, Hispania, 2024. Chembe zilipakwa kimeng'enya kinachovunja yurea ya kwenye mkojo, zikapata nguvu ya kusogea. Zilibeba ayodini yenye mionzi, na dozi moja ilipunguza uvimbe kwa takriban asilimia 90. Kazi nzuri sana. Lakini nao walikuwa panya.

Basi nisubiri ifike kwetu?
Hapana. Hakuna hospitali itakayokupa dawa hiyo leo, wala mwezi ujao. Uvimbe hausubiri utafiti. Ukiwa juu juu kwenye kibofu, huweza kukwanguliwa kwa kifaa kinachopitishwa njia ya mkojo. Ukishazama kwenye msuli, tunazungumzia kuondoa kibofu chote, au mionzi.

Damu ilitoka mara moja, haikuuma, ikakata yenyewe. Bado nije?
Njoo. Saratani ya kibofu mara nyingi huanza hivyo hivyo: damu bila maumivu, inakuja na kupotea. Kukata si kupona. Tafadhali, kukata si kupona!

Kwetu kila kijana hukojoa damu, si kubalehe?
Si kubalehe hata kidogo. Ukanda wa ziwa na pwani, mara nyingi hicho ni kichocho, na kichocho kikikaa kibofuni miaka mingi bila tiba huongeza hatari ya saratani. Mtoto apimwe, apewe prazikwanteli, dawa ya kichocho. Wewe mtu mzima usinunue vidonge hivyo dukani ukajiona umemaliza, haviponyi saratani.

Je, nikisubiri mpaka baada ya mavuno?
Hapana, mzee wangu. Wanaosubiri mavuno ndio wanaofika mkojo umeziba na figo zimeanza kushindwa. Njoo wiki hii. Tutapima mkojo, tutapiga altrasaundi, na ikibidi utapewa rufaa ukaangaliwe ndani ya kibofu kwa kamera. Ukipewa rufaa, nenda.